Rangi ya Mfenesi Iliyogoma Kutoka Sahanini

Jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya mikarafuu, na uani kwa Bi Mwanapili Nyange, hapa Wambaa, kisiwani Pemba, tayari mkeka mpya unateswa.

Bi Mwanapili anaumwagia maji kwa kata. Anaukanyaga kwa miguu yote miwili, anainama, anausugua kwa kipande cha bafta nyeupe, kisha anakipeleka kile kitambaa kwenye mwanga na kukitazama kama mtu anayetafuta mwiba kwenye kidole cha mtoto. Kitambaa ni cheupe. Anachota maji tena.

"Shoga, ungekuwa ntu huo, ungeshakiri," anasema jirani yake, Bi Moza, aliyekalia mbuzi akikuna nazi.

"Nautesa mie kabla hawajautesa wao," anajibu Bi Mwanapili bila kuinua uso. "Leo watakuja wanaume kijiji kizima na miguu yao majimaji. Bora nijue sasa."

Leo ni Ijumaa ya mwisho ya Shaabani. Adhuhuri, mikeka mitatu ya Bi Mwanapili, mwekundu, wa njano na wa mistari myeusi, itatandikwa safu ya mbele ya msikiti. Imamu, Maalim Ngwali, ametoa ruhusa hiyo mara moja tu, tena mbele ya watu. Rangi ikitoka hata tone, hakuna mkeka wa rangi utakaoingia tena msikitini, na Ramadhani watu watasali juu ya majamvi yaliyoagizwa Mkoani. Ikishika, mwezi mzima watasujudu juu ya kazi ya mikono ya wanawake wa Wambaa.

Chai ya Bi Mwanapili imepoa kikombeni tangu alfajiri. Inzi ameingia humo, wala mwenyewe hana habari.

Bi Mwanapili ana miaka thelathini na kitu. Kusuka alifundishwa na bibi yake hapa hapa Wambaa, kabla hajajua kufunga kanga vizuri. Kazi yenyewe wanaijua wengi: majani machanga ya mkindu huanikwa, yakachanwa membamba, yakatiwa rangi, ukindu huo ukasukwa ukili, na ukili ukashonwa kuwa mkeka. Mkeka mzuri wa kulalia humchukua mwezi na zaidi. Zamani alikuwa akiuuza shilingi kumi na mbili, na kumi na tano mnunuzi akiwa na harusi.

Kisha maduka ya Mkoani yakajaa rangi za unga kutoka ng'ambo. Vipakti vidogo vya karatasi. Maji ya moto, kijiti cha kukorogea, kazi imekwisha.

"Nilizipenda, siongopi," anasema. "Ile nyekundu yake huchoki kuitazama. Bibi yangu angeiona, angefufuka aulize bei."

Kwa rangi hizo akasuka mikeka ya msikiti kwa ajili ya Idd ya mwaka jana, 1959. Ilikuwa sadaka yake. Hakutaka senti ya mtu.

Idd ile iliangukia katikati ya masika. Mvua ilianza kabla ya alfajiri na haikupumzika. Wanaume walifika na kanzu mpya, wakatia udhu, wakavuka matope ya uwanjani, wakaosha miguu tena mlangoni na kuingia ndani wakichuruzika maji. Wakasali. Imamu alipotoa salamu ya kulia na ya kushoto, na wao wakageuza nyuso kulia na kushoto, kila mmoja aliona uso wa mwenziwe.

Mapaji yote yalikuwa mekundu.

Magoti ya kanzu yalikuwa ya njano. Nyayo zilikuwa nyekundu mpaka kwenye vifundo. Na lililokuwa jekundu kupita yote lilikuwa paji la Maalim Ngwali, kwa sababu yeye husujudu kwa utulivu.

"Mimi nikapanda kukhutubu," anakumbuka Maalim Ngwali, mzee mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. "Natazama watu, hawanitazami. Wote wameinama, wanauma midomo, mabega yatikisika. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo khutba imewaingia, watu walia."

Wanawake waliokuwa wakingojea nje walipowaona waume zao wanatoka na vichwa vyekundu, wengine walipiga mayowe wakidhani ndani kumepiganwa.

Siku hiyo hiyo mikeka ilitolewa. Watoto wakampa Bi Mwanapili jina la Bi Paji, na jina likamganda. Habari zikafika Mkoani kabla ya Idd kwisha. Tangu hapo kila mnunuzi aliyeletewa mkeka kutoka Wambaa alitia mate kidole kwanza, akasugua.

"Mie nilipeleka mkeka mweupe pe, hauna rangi hata chembe," anasema Bi Moza. "Na bado bwana akatia mate kidole! Nikamwambia, baba, wasugua nini? Akaniambia, nyie wa Wambaa hamuaminiki."

Mkeka wa shilingi kumi na mbili ukawa wa shilingi saba. Wengine wakaacha kusuka.

"Kuchekwa si kitu, watu hucheka tu," anasema Bi Mwanapili. Hapo anaacha kusugua. "Kilichoniuma ni wenzangu. Kosa langu mie, riziki yao."

Akazitupa rangi za dukani akarudi kwenye miti ya bibi yake. Magome ya mkandaa, mti wa mikokoni ambao wavuvi huutumia kutilia rangi nyavu zao, hutoa wekundu wa udongo. Magome hayo hayo yakizikwa kwenye tope jeusi la mikokoni hutoa weusi. Na vumbi la mbao ya mfenesi, ile ya moyo wa mti, hutoa njano kama kiini cha yai. Vumbi hilo halimpi tabu. Mumewe, Mabruki, ni seremala, na kila jioni hulifagia chini ya msumeno.

Ila rangi za bibi nazo zilikuwa na vituko vyao. Zilipauka juani, na mkeka ukirowa zilitoka, kidogo kidogo, kwa adabu, lakini zilitoka.

"Rangi ya maji ni mgeni," anaeleza. "Imekuja na maji. Maji yakija tena, yaondoka nayo. Mie nlitaka rangi iwe mwenyeji, ikae."

Ukimkuta akifanya kazi hiyo huwezi kuondoka. Vumbi la mfenesi huchemka kwenye sufuria nyeusi mpaka maji yawe kama asali. Huyachuja kwa kipande cha kanga kuukuu. Halafu hutia shabu, lile jiwe ambalo kinyozi hukupitishia kidevuni baada ya wembe. Likishayeyuka, huanza kumimina maji ya chokaa, polepole, mkono mmoja ukimimina na mwingine ukikoroga.

Hapo ndipo mambo yanapoanza. Maji yanafura povu. Yanakuwa mazito kama uji unaoanza kushika. Mtu huambiwa asogee asichafuliwe, naye hasogei. Ukiyaacha yatulie, yanagawanyika yenyewe: juu maji meupe, chini tope la njano lililolala kama samli. Maji humwagwa, tope huoshwa, huanikwa kwenye sinia na kusagwa. Unga huo ukiutia kwenye maji tena, unazama na kukaa chini kama mchanga. Hauyeyuki.

"Siku ya kwanza nilipoona maji yamebaki meupe, nilimwita mume wangu kwa ukelele," anasema. "Alikuja mbio na msumeno mkononi. Alidhani nyoka."

"Ningejua ni tope nisingekimbia," anasema Mabruki.

Tatizo likawa jingine. Unga haukutaka kushika ukindu. Ukikauka, unapukutika kama vumbi. Bi Mwanapili akajaribu gundi ya mkorosho; maji yakaiyeyusha. Akajaribu utomvu wa fenesi. Huo ulishika vizuri sana: ulishika rangi, ukashika inzi, ukamshika na paka wa Bi Moza aliyekuja kulala juu yake.

"Paka wangu mpaka leo akiona mkeka azunguka," anasema Bi Moza.

Kisha akakumbuka kwamba mafundi wa kupaka chokaa ukutani huchanganya na maziwa, ili mtu akiegemea ukuta asiondoke na mgongo mweupe. Akaanika mtindi mpaka ukawa mkavu, akausaga, akauchanganya na unga wake wa mfenesi na chokaa kidogo. Akatia maji, akapaka kwenye ubao, akangoja muda wa chai kuchemka, akasugua. Rangi yote ikahamia kwenye kitambaa.

Alikasirika. Unga uliobaki akautia kwenye kopo la kwanza aliloliona, kopo tupu lililokuwa la zafarani, akaliweka juu ya rafu na kulisahau.

Basi ikawa mama mkwe wake, Bi Mwatum, mama yake Mabruki, akashikwa na homa.

Bi Mwatum hukaa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Ni mama mwepesi wa kusema. Vidonge vya hospitali alimeza, lakini alitaka na kombe, aya iandikwayo sahanini kwa zafarani ikaoshwa na kunywewa, na hakulitaka kwa mtu mwingine ila Maalim Ngwali. Maalim akaja. Siku hiyo Bi Mwanapili alikuwa mikokoni akitafuta magome, na Mabruki yuko kazini. Maalim akauliza kama ndani kuna zafarani, maana yake imekwisha.

"Zafarani ipo," akasema Bi Mwatum kutoka kitandani. "Lile kopo pale juu. Mkwe wangu huficha vitu vizuri."

Maalim Ngwali anasimulia mwenyewe, na kila akisimulia huanza kucheka kabla hajafika mahali pa kuchekesha.

"Nikafungua kopo. Nikaona njano yake nzuri. Nilisikia kijiharufu cha mtindi, wallahi nilikisikia. Nikasema, labda ndiyo zafarani za siku hizi. Nikachanganya na marashi ya mawaridi, nikaandika Ayatul Kursiy, sahani nzima, kwa kituo. Ikaadhiniwa alasiri. Nikaiweka sahani dirishani, nikaenda kusali."

Alirudi, akamimina marashi kwenye sahani, akaizungusha ili maandishi yaoshwe na mgonjwa anywe. Maandishi yakabaki. Akatia maji. Akayasugua kwa kidole. Akachukua kitambaa. Maandishi yalizidi kung'aa.

"Yamekataa?" akauliza Bi Mwatum.

"Yamekataa kidogo," akajibu Maalim, jasho linamtoka.

"Tangu lini yakakataa?"

"Bi Mwatum, miaka yote naandika makombe, sijapata kuona jambo hili."

Bi Mwatum akalala chali na kukunja mikono kifuani. "Basi ndiyo yangu hayo, Maalim. Homa imegoma kutoka. Niitieni watu niwaage."

Watu wakaja. Bi Mwatum akaanza kugawa vitu vyake. Kinu akakiacha kwa binti wa dada yake. Kitanda akasema kibaki, kwa kuwa alikitengeneza mwanawe. Kanga yake ya kisutu, ambayo hata haijafuliwa bado, akampa Bi Moza kwa sababu alikuwa amekaa karibu na analia kwa bidii.

"Nililia kweli," anasema Bi Moza. "Na ile kanga niliitamani kweli. Yote mawili."

Katikati ya kilio hicho Bi Mwanapili akaingia na mzigo wa magome kichwani. Akasikia watu wanalia, akautupa mzigo mlangoni, akapita katikati ya wanawake mpaka kitandani, na pale akaiona sahani.

Hakumtazama mgonjwa. Aliinua sahani, akainusa. Akaitia maji. Akayakwaruza maandishi kwa ukucha, mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa nguvu. Akaiona rangi yake ya mfenesi imekaa kwenye kaure laini, mahali ambapo hata vumbi haliketi, imekaa kama iliyozaliwa nayo.

Akapiga kigelegele.

Bi Mwatum akafumbua macho, akainuka, akakaa kitako.

"Huyu mwanamke!" akasema. "Hata pumzi sijakata, apiga kigelegele!"

"Mama, imeshika!"

"Nini kilichoshika? Kifo?"

"Rangi, mama! Rangi yangu hino! Si zafarani!"

Ilichukua muda kueleweka. Alipokwisha kuelewa, Bi Mwatum alimgeukia Bi Moza na kunyoosha mkono. Bi Moza akaifungua ile kanga kiunoni, maana alikuwa ameshaifunga, akairudisha.

"Vidonge vya hospitali vilinisaidia," anasema Bi Mwatum leo, mzima kabisa, akikemea kuku uani. "Na kombe la pili, la zafarani ya kweli, lilinisaidia. Lakini kilichoninyanyua kitandani ni hasira."

Usiku ule Bi Mwanapili hakutaka kula. Alikuwa anajiuliza jambo moja: unga ni ule ule, maziwa ni yale yale, mbona ubaoni ulitoka na sahanini ukagoma? Asubuhi akamwendea Maalim Ngwali kumwomba amweleze kila alichofanya, hatua kwa hatua. Maalim alipofika pale alipoiacha sahani dirishani na kwenda kusali alasiri, Bi Mwanapili akamkatiza.

"Ilikauka," akasema. "Maalim, uliiacha ikakauka."

"Nilikwenda kusali. Ningefanyaje?"

"Mie nilisugua bado iko majimaji. Haraka yangu ndiyo iliyokuwa ikiitoa!"

Maalim Ngwali anasema hapo ndipo alipoacha kuona haya juu ya ile sahani, akaanza kuona furaha. "Wino wetu wa chuoni kazi yake ni kufutika," anasema. "Mtoto ahifadhi, aoshe ubao, aandike tena. Tangu utoto wangu nafanya wino unaofutika. Sikuwahi kufikiri kwamba upo ufundi wa kinyume chake. Nikamuuliza, sasa hiyo yafaa kwenye ukindu? Akanambia, nipe muda. Nikamwambia muda ni mpaka Ramadhani. Lakini nikamwambia na la pili: mara hii ikitoka, Mwanapili mwanangu, usinililie. Paji langu halitoi ruhusa mara ya tatu."

Sahani yenyewe imeleta shida yake. Haiwezi kutiwa chakula, ina aya. Haioshiki. Kutupwa ni mwiko. Maalim ameitundika barazani kwake, juu kabisa, na wageni husifu mwandiko.

Kuitoa rangi sahanini na kuiingiza kwenye ukindu kulimchukua Bi Mwanapili miezi ya kaskazi yote. Unga uliosagwa ulikuwa mkubwa mno kuingia ndani ya jani. Ndipo akafikiri kulifanya tope lizaliwe humo humo ndani. Sasa ukindu huloweshwa kwanza kwenye mtindi uliozimuliwa kwa maji, ukaanikwa. Ukikauka hutiwa kwenye maji ya shabu, ukaanikwa. Kisha huchemshwa na rangi, ukaanikwa. Mwisho huchovywa kwenye maji ya chokaa, na hapo rangi huganda palipo, ndani ya uzi wa jani, isijue njia ya kutokea.

Kila hatua ina kukauka kwake, na wanawake watatu wa jirani, Bi Moza akiwa mmoja wao, wamejifunza kwa kugombezwa.

"Ukigusa kabla hakujakauka akupiga mkono kama mtoto," anasema Bi Moza. "Mie ntu mzima, nina wajukuu, napigwa mkono!"

"Na utapigwa tena," anasema Bi Mwanapili.

Adhuhuri inakaribia. Mabruki anaviringisha mikeka mitatu, anaitia begani na kwenda nayo msikitini. Wanawake wanafuata kwa mbali na kusimama upande wa kisimani, nyuma ya ua wa makuti. Kutoka hapo hawaoni ndani ila husikia kila kitu.

Mlangoni Maalim Ngwali amesimama mwenyewe.

"Leo hakuna kufuta miguu," anawaambia waumini. "Tia udhu, pita. Maji yachuruzike."

Wanaume wanataniana. Ahmada, mvuvi, amevaa kanzu kuukuu yenye kiraka begani.

"Ahmada, Ijumaa hino na kanzu ya shamba?"

"Ile nzuri niliizika Idd ya mwaka jana," anajibu. "Nimebaki na hii. Imani ninayo, lakini kwa mkeka, hapana."

Wanacheka. Nyuma ya ua, Bi Mwanapili anauma ncha ya kanga yake. Bi Mwatum amekaa chini karibu naye, ametega sikio.

Khutba ya leo inaonekana ndefu. Kisha sala. Rakaa ya kwanza, rakaa ya pili, sauti ya watu wengi wakienda chini pamoja na kuinuka pamoja. Bi Mwanapili amefumba macho. Kila wakisujudu, vidole vyake vinashika makuti ya ua.

Salamu ya kulia. Salamu ya kushoto.

Halafu ndani watu wanaanza kucheka.

Uso wa Bi Mwanapili unabadilika. "Basi," anasema kwa sauti ndogo. "Basi tena." Anageuka aondoke, na Bi Moza anamshika kanga.

Maalim Ngwali anatokea mlangoni. Mkononi ana leso nyeupe, na mbele ya kila mtu anajifuta nayo paji la uso, anajifuta tena kwa nguvu, kisha anainyanyua leso juu ya ua ili wanawake waione pande zote mbili.

"Mwacheka nini ndani, Maalim?" anauliza Bi Moza kwa sauti, hajali.

"Twajichekea wenyewe! Kila mtu amgeukia mwenzake kulitazama paji. Hata mimi nilichungulia, Mungu anisamehe. Hakuna kitu! Mapaji meupe yote!"

Bi Mwatum ndiye anayepiga kigelegele cha kwanza, na wengine wanaunganisha. Lakini hakijaisha vizuri, sauti inapanda kutoka ndani.

"Ngojeni! Ahmada ana weusi kisiginoni!"

Vigelegele vinakatika. Ahmada anatolewa nje, anarukaruka kwa mguu mmoja, kisigino kimeinuliwa watu wakione. Kweli, kina doa jeusi, na mkeka mmoja una mistari myeusi. Bi Mwanapili amesahau kwamba yuko nyuma ya ua. Ameshapita kwenye uwazi na amesimama uwanjani na kitambaa chake cha bafta mkononi.

Maalim anainama, anasugua doa kwa kidole, ananusa kidole.

"Ahmada. Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Pwani. Nilikuwa naziba chombo."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa lami, Maalim."

"Na wanyamaza, mke wa mwenzio azimia hapa!"

Mkeka wa mistari unaletwa nje juani, mbele ya wote. Mabruki anaumwagia ndoo nzima. Ahmada, kisigino kimeshasuguliwa kwa mchanga na mafuta ya taa, anaamriwa aukanyage, atembee, arudi, akanyage tena. Anainua unyayo mmoja, anainua wa pili. Bi Mwanapili anapitisha bafta juu ya mstari mweusi, kutoka mwanzo wa mkeka mpaka mwisho, na kumkabidhi Maalim Ngwali.

Maalim anakitazama kitambaa kwa muda. Kisha anakitazama mbele ya jua.

"Kimerowa tu," anasema. "Mikeka hii haitoki tena msikitini. Na safu zilizobaki, nani atazisukia?"

Sasa hakuna anayesikia anachoambiwa. Wanawake wameshaingia uwanjani wote. Bi Moza anamkumbatia Bi Mwanapili huku anamgombeza kwa kumtisha. Wanaume wawili wanabishana kama njano ile ni ya mfenesi kweli au ya limau. Mzee mmoja ametia mate kidole, anausugua mkeka wa njano kwa nguvu zake zote, na anaonekana kufurahi kwa kushindwa.

Mpaka alasiri, wanawake kumi na mmoja wameshafika uani kwa Bi Mwanapili kuuliza ukindu uanze kuloweshwa lini. Kuna safu nne za msikiti za kusuka kabla mwezi wa Ramadhani haujafika katikati. Mwenyewe anasema zikimalizika anataka wenzake wachangie kujenga banda lao la kutilia rangi, lenye meko yake na kamba zake za kuanikia. Baada ya hapo mikeka ipelekwe Mkoani, Chake Chake, na hata Unguja, na anayetaka kutia mate kidole aachwe atie.

Lakini mawazo yake yameshatangulia. Maalim Ngwali amemwambia kwamba safu ya mbele, karibu na kibla, ingependeza kuwa na kijani. Kijani hana. Hakuna mti anaoujua unaotoa kijani kisichopauka. Ila upo mnili, unajiotea kwenye njia ya kwenda mashambani na mbuzi hawaugusi. Mnili hutoa buluu. Buluu hiyo ikikubali kuganda kuwa tope, na tope hilo likachanganywa na la mfenesi...

Hamalizi sentensi. Ameshainuka kutafuta pakacha.

"Majani yenyewe huozeshwa kwanza, kwenye mtungi, siku kadhaa," anamwambia mumewe. "Baba Msellem, mtungi nataka ukae kwenye kibanda chako. Ndipo penye kivuli."

"Huozeshwa?" anauliza Mabruki.

"Huozeshwa."

"Na harufu yake?"

"Mama asema bibi zetu walikuwa wakiozesha, na kijiji kizima kikijua nani anaozesha."

Mabruki anaitazama meza yake ya kazi, mlango aliokuwa akiupiga randa, vumbi la njano lililotapakaa chini. Anaanza kuvuta mbao zake upande mmoja, moja baada ya nyingine, mpaka pembeni pale penye kivuli panabaki nafasi ya mtungi. Anapima kwa mikono. Kisha anavuta ubao mmoja zaidi, na nafasi inatosha mitungi miwili.